TOR: protini inayoiambia seli kama kuna chakula

TOR ni kimeng'enya kilichomo ndani ya seli za hamira, za panya na za binadamu. Kazi yake ni kupima kama chakula kipo, kisha kuamua seli ijenge au ijisafishe.

Inachopima hasa ni asidi za amino, yaani vipande vya protini tuliyokula. Kuna protini iitwayo Sestrin2 ambayo huizuia TOR. Ikinasa lusini, moja ya asidi hizo, huiachia. Insulini nayo ikifika, TOR huwaka na seli huanza kutengeneza protini na mafuta mapya, ikakua na kugawanyika.

Chakula kikipungua, TOR huzimika. Hapo seli hugeukia otofajia: hukusanya sehemu zake chakavu, huzivunjavunja na kutumia upya kilichomo. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na aliichunguza kwenye hamira.

Uzee unaingiaje? Mtoto anahitaji TOR inayowaka, maana anakua. Kwa mtu mzima, TOR ikiwaka muda wote usafi hurudi nyuma na uchafu hulimbikizana, kama nyumba inayoongezwa vyumba kila mwaka bila mtu kushika ufagio.

Ushahidi mzito ulitoka kwenye udongo. Mwaka 1964 msafara wa Wakanada ulichukua udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, na bakteria aliyekuwemo akaonekana kutoa dawa iliyoitwa rapamaisini kwa jina la kisiwa. Dawa hiyo huizima TOR. Jeni za TOR zenyewe zilipatikana mwaka 1991, huko Basel, Uswisi. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwalisha rapamaisini panya wenye umri wa siku 600, ambao tayari ni wazee, na maisha yao yakarefuka: majike kwa asilimia 14, madume kwa asilimia 9. Kwangu hilo la kuanzia uzeeni ndilo la kushangaza zaidi.

Lakini asikimbilie mtu kuinunua. Madaktari huitumia kwa waliopandikizwa figo kwa sababu hushusha kinga ya mwili, na haijathibitishwa kurefusha maisha ya binadamu. Tena TOR si adui: kijusi cha panya kisicho nayo hufia tumboni.