Zamu ya usafi imebandikwa mlangoni, choo bado kinanuka

Mimi ni afisa afya ya mazingira, yule bwana afya ambaye akionekana anaingia uwani watu wanakimbilia kufunika mapipa. Nimeajiriwa kukagua vyoo, visima na mashimo ya taka. Kusuluhisha wapangaji waliogombana kwa sababu ya usafi hakumo kwenye barua yangu ya ajira, lakini ndiko kunakonilia muda.

Nyumba ninazozizungumzia ni zile za uswahilini Dar es Salaam: korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uwani wenye bomba, jiko na choo cha wote. Kwenye mlango wa choo pamebandikwa karatasi ya zamu. Ukiisoma utadhani nyumba ina amani. Ukiingia ndani ya choo chenyewe unaelewa kwa nini umeitwa.

Kila upande huniambia wenzake ni wachafu. Nikiuliza "uchafu upi hasa?", ndipo mambo yanapofunguka. Dada wa chumba cha mbele atataja masizi ya sufuria za wenzake na korido isiyofagiliwa tangu asubuhi. Kijana wa chumba cha mwisho haoni tatizo ila ndoo ya taka iliyolala na vichwa vya samaki. Mzee wa chumba cha kati ana neno moja tu: sakafu ya choo imelowa.

Huyu mzee nimekutana naye katika nyumba nyingi, sura tofauti, malalamiko yale yale. Anaswali swala tano. Tone la maji yaliyochanganyika na mkojo likimrukia kwenye kanzu, kwake hilo ni najisi, na nguo hiyo haifai kuswalia mpaka ioshwe. Vumbi la korido halimkoseshi usingizi hata kidogo. Udongo safi hata kutayamamia unaruhusiwa. Sasa mtazame dada akiwa zamu. Anamwaga ndoo mbili za maji chooni, anasugua haraka haraka, anatoka ameridhika: sakafu inang'aa. Mzee anaingia, anaona madimbwi, na lile kopo la kutawazia limewekwa chini badala ya dirishani. Dada amemaliza kusafisha, na kwa macho ya mzee ndiyo kwanza amechafua. Hakuna mvivu hapo. Wangerushiana maneno mwezi mzima bila mmoja kujua mwenzake analalamikia nini.

Halafu kuna suala la nani huanza kukereka. Huko Marekani, Jess Alberts na watafiti wenzake wa Arizona State University waliazima wazo kutoka kwa wanaochunguza sisimizi na nyuki: kila mdudu ana kiwango chake cha kuvumilia kazi isiyofanywa, na mwenye kiwango cha chini ndiye anayeinuka kwanza. Akishaifanya, wengine hawafiki kwenye kukereka kwao, kwa hiyo hawainuki kamwe. Nyumbani ni vivyo hivyo. Anayeudhika na vyombo viwili karoni ataviosha. Yule ambaye angeudhika vikifika kumi hatakaa avione kumi. Baada ya muda kazi inakuwa "ya fulani", na hata asante haipati. Siku akisusa ndipo anaitwa mwenye gubu.

Kinachonogesha ugomvi ni kwamba kila mmoja anakumbuka kazi zake tu. Mwaka 1979 watafiti Michael Ross na Fiore Sicoly waliwauliza wanandoa, kila mmoja peke yake, amebeba sehemu gani ya kazi za nyumbani. Ukijumlisha majibu ya mume na mke, mara nyingi yalipita asilimia mia. Hao ni watu wawili tu. Ifikirie nyumba ya vyumba sita.

Nikiwa na kofia yangu ya afya, nawaambia wapangaji kitu ambacho dada wa chumba cha mbele hapendi kukisikia: sehemu kubwa ya mnayogombania haimletei mtu ugonjwa. Masizi chini ya sufuria hayamuui mtu. Kitanda kisichotandikwa cha kijana ni shauri lake. Kuna mambo machache tu ambayo sikubali yawe ya hiari: choo, mikono, maji ya kunywa, mabaki ya chakula, na kitambaa cha vyombo kinachoshinda kimelowa kwenye karo. Kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam Agosti 2015, hakikuuliza nani ana sufuria inayong'aa.

Na lile jaba la maji uwani. Hili halimkeri mtu yeyote, kwa sababu maji yake ni maangavu na hayanuki, na ndiyo maana nalianza nalo nikifika. Mbu aina ya Aedes, yule anayeeneza homa ya dengi iliyotusumbua mwaka 2014 na tena 2019, hupenda maji kama hayo. Hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji yapande. Ukimwaga na kujaza upya bila kusugua kuta, umeyanywesha. Jaba lisuguliwe kila wiki na lifunikwe. Kwenye karatasi za zamu sijaona jaba likitajwa.

Msafi kupindukia naye nina neno naye. Yeye ndiye ninayemkuta amechanganya dawa ya klorini na dawa ya choo yenye asidi "ili iue vizuri". Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika choo kisicho na dirisha mtu anaweza kuumia mapafu. Halafu klorini ikimwagwa juu ya uchafu inapoteza nguvu. Sugua kwa sabuni kwanza, suuza, ndipo uweke.

Zamu zenyewe hufeli kwa sababu zinagawa siku bila kusema kazi inaishia wapi. "Jumanne: choo" inaweza kuwa ndoo moja ya maji au nusu saa ya brashi. Andikeni: tundu limesuguliwa, sakafu imeoshwa na kukaushwa, kopo liko juu, ndoo ya taka imemwagwa. Mwandike pamoja, maana mzee akiwepo neno "imekaushwa" litaingia, asipokuwepo halitaingia.

Kuna swali ambalo kila kikao hufikia: chumba chenye watu watano kifanye zamu sawa na chumba cha kijana mmoja? Kwa maoni yangu, hapana. Zamu ihesabiwe kwa vichwa, kama baadhi ya nyumba zinavyogawana bili ya maji, na mtoto wa poti naye ni kichwa, maana poti linamwagwa choo hicho hicho. Kina mama wenye watoto hununa nikisema hivyo. Huwaomba wahesabu kwanza wiki iliyopita wamesafisha mara ngapi. Wengi wao tayari wanasafisha mara nyingi kuliko zamu ambazo hesabu ya vichwa ingewapa, kwa hiyo hesabu mpya inawapunguzia.