Darizi ya Kutia Fremu: Tunayoambiana na Yalivyo

Vitambaa vingi vya kudarizi vinavyotundikwa sebuleni hapa Tanga haviharibiwi na sindano. Vinaharibiwa siku ya mwisho, vinapofuliwa na kupigwa pasi kama shuka. Shuka likibaki na doa utalifua tena wiki ijayo. Hiki kinakwenda kukaa nyuma ya kioo miaka na miaka.

"Hakina doa, nikifulie nini?" Hii ndiyo inayoponza wengi. Mkono hata uwe umenawa hutoa jasho na mafuta, na siku unapomaliza kazi huyaoni. Yakikaa muda hugeuka manjano au kahawia pale ulipokuwa ukishikilia, na penye alama ya ringi ya kukazia kitambaa hutokea duara zima. Kwa uzi wa pamba juu ya kitambaa cha pamba, loweka kwenye maji baridi yenye sabuni laini kidogo, usisugue wala usikamue. Kikunje ndani ya taulo, taulo linyonye maji. Sabuni ya unga achana nayo: nyingi zina kemikali za kung'arisha weupe, na kitambaa cha marekani chenye rangi yake ya asili kinaweza kutoka na mabaka. Wenye visima karibu na bahari waangalie na maji yenyewe. Chumvi ikibaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya kunywa.

"Rangi ikichuja, tia chumvi au siki itashika." Chumvi husaidia wakati pamba inatiwa rangi, uzi uliokwisha kutoka dukani haiufungi. Siki ina kazi kwenye baadhi ya rangi za sufu na hariri, si kwenye pamba. Jaribu kabla ya kuloweka: chukua pamba nyeupe iliyoloa, bonyeza upande wa nyuma kwenye nyekundu, buluu iliyokolea na nyeusi, uone kama inapata rangi. Na ikichuja ukiwa umeshaloweka, usikianike! Badilisha maji baridi tena na tena mpaka yatoke meupe. Rangi ikishakaukia mahali isipotakiwa, hapo ndipo inapogoma.

Sindano iliyosahauliwa kitambaani msimu wa masika huacha kutu, na mtu hukimbilia jiki. Jiki huikoleza kutu na kuidhoofisha pamba. Ndimu huitoa kutu, lakini itumie penye kitambaa cheupe kitupu tu, kisha suuza sana.

"Pasi ya moto ndiyo inayomaliza kazi." Angalia kwanza mistari uliyochorea ua. Kama ulitumia ile kalamu ya buluu inayofutika kwa maji, lazima iondoke yote kwa maji baridi matupu, kabla hata ya sabuni. Pasi ikipita juu ya buluu iliyobaki, mstari unaweza kuganda moja kwa moja. Doa lolote lingine nalo joto hulikaza. Kikishakuwa safi, tandika taulo nene, laza kitambaa kifudifudi kikiwa na unyevu kidogo, weka pasi kwa nyuma, inua, weka tena. Usiiburute. Vifundo na petali hudidimia kwenye taulo badala ya kubapa, na ukikigeuza unaona ua limesimama.

Ile Ayatul Kursiyu ya zari juu ya mahameli nyeusi haingii kwenye habari hii kabisa. Usiifue, usiilaze chini ya pasi. Mahameli ikilazwa haisimami tena vizuri, na zari nyingi za siku hizi ni plastiki yenye mng'ao, joto huzikunja. Brashi laini ya kutoa vumbi inatosha.

Kuna wanaotia wanga ili kitambaa kikae wima. Kofia na kanzu ni sawa, hufuliwa kila mara. Nyuma ya kioo wanga ni chakula cha mende. Kinachokinyoosha kitambaa ni kuvutwa juu ya ubao na kushonewa kwa nyuma, nyuzi zikipita kutoka ukingo hadi ukingo. Fundi fremu akitoa gundi, mzuie. Kadibodi ya boksi nayo ina asidi, na baada ya muda hukipaka kitambaa ukahawia.

"Kioo kitakilinda." Kinazuia vumbi, ndiyo. Lakini unyevu uliofungiwa ndani unabaki humo, na kwa hewa yetu hii koga haikawii. Kikauke kabisa kivulini, hata ikibidi kikae chini ya feni siku nzima, ndipo ukipeleke. Kioo cha kawaida hakizuii jua kula rangi, kwa hiyo ukuta unaotazama dirisha haufai. Mwambie fundi aweke ukanda mwembamba pembeni ili kioo kisigusane na nyuzi, na vipande viwili vya mpira kwenye pembe za chini kwa nyuma, hewa ipite kati ya fremu na ukuta.