Mafunzo ya Kidijitali Kazini: Maana Yake Hasa

Mafunzo ya kidijitali kazini ni utaratibu ambao mwajiri hutumia kuwafundisha wafanyakazi wake kwa simu, kishikwambi au kompyuta, ambapo somo hutunzwa mahali pamoja, humfikia kila mfanyakazi pale alipo, na huacha kumbukumbu ya nani amelisoma, lini, na alikosea wapi. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Wengi wakisikia neno "kidijitali" hudhani kwamba ni kuichukua semina ileile ya ukumbini, yenye slaidi themanini na chai ya saa nne, na kuirusha kwa video. Semina ya namna hiyo imehama ukumbi tu. Mfundishaji bado hajui nani ameelewa na nani alikuwa akisinzia huku kamera ameizima.

Tuchukue mfano wa kampuni inayonunua asali kwa wafugaji nyuki wa mkoa wa Tabora. Kiwanda kipo mjini, lakini wapokeaji wa asali wametawanyika Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui, kila mmoja kituoni kwake akiwa na mizani, ndoo zenye mifuniko na kifaa kidogo cha mkononi cha kupimia maji yaliyomo katika asali, kinachoitwa refraktomita. Codex, yaani kiwango cha kimataifa cha vyakula, kinataka maji hayo, kwa asali ya kawaida, yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali inaweza kuchacha ikiwa ghalani, ikatoa povu, na pipa zima likaharibika pamoja na asali nzuri iliyomiminwa humo. Kwa hiyo mpokeaji mmoja anayesoma kipimo vibaya anaweza kuitia kampuni hasara itakayoonekana baada ya miezi, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka ndoo ile ilitoka kwa nani.

Kwa mtindo wa zamani, wapokeaji wote wangeitwa mjini kabla ya msimu, wakalipiwa nauli, malazi na posho, wakakaa siku mbili ukumbini, na refraktomita moja ingepita mkono hadi mkono mara moja tu. Wangerudi vituoni na daftari, na msimu ungeanza baada ya wiki kadhaa. Tatizo la mpangilio huo limejulikana tangu mwaka 1885, pale Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile mtu anachojifunza hupotea katika saa na siku za mwanzo, kisha upotevu hupungua kasi, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa muda hudumu kuliko yaliyorundikwa pamoja. Semina ya siku mbili ni marudio yaliyorundikwa, na gharama yake ni kubwa.

Sasa tazama somo hilohilo likiwa limetengenezwa kwa ajili ya simu. Ni video ya dakika tatu, iliyopigwa kituoni hasa na si studio, yenye sauti ya Kiswahili. Mkono unafuta kioo cha kifaa kwa kitambaa chenye unyevu na kukikausha, unadondosha asali kidogo, unafunga kifuniko taratibu ili visibaki viputo vya hewa, unasubiri joto la asali lilingane na la kifaa, kisha unakielekeza kwenye mwanga na kusoma pale rangi ya buluu inapokutana na nyeupe. Baada ya hapo zinakuja picha nne za kile kinachoonekana ndani ya kifaa, na kila picha ina swali moja: pokea au kataa? Maswali hayo yanarudi baada ya siku mbili, baada ya wiki, na tena baada ya wiki tatu, kila mara kwa picha tofauti. Mafunzo ya vipande vidogo kama hivi yanamfaa mtu ambaye ana nafasi ya dakika tano kati ya mfugaji mmoja na mwingine, na hana siku mbili za kukaa ukumbini.

Faida kubwa inajitokeza katika majibu. Refraktomita nyingi za asali zina safu zaidi ya moja ya vipimo, mojawapo ikiwa ya sukari na nyingine ya maji. Ikiwa wapokeaji saba kati ya kumi wanakosea picha moja, na wote wanachagua jibu ambalo mtu angelipata kwa kusoma safu ya sukari, meneja anajua mara moja kwamba video haikuonyesha vizuri safu ya kusoma, na kosa ni la somo kabla halijawa la wapokeaji. Ukumbini kosa hilo lingepita kimya, kwa kuwa mtu mzima hapendi kunyoosha mkono mbele ya wenzake na kusema hajaelewa.

Programu inayotunza masomo na majibu hayo huitwa mfumo wa kusimamia mafunzo. Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ni mojawapo, na haidai ada ya leseni. Programu yake ya simu humruhusu mfanyakazi kupakua somo akiwa penye intaneti na kulisoma baadaye bila mtandao, jambo linalofaa sana kwa vituo ambako mawimbi ya simu yanapatikana chini ya mwembe mmoja tu. Bando, kwa maoni yangu, linapaswa kulipwa na mwajiri, na muda wa kusoma uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Vinginevyo mafunzo ni mzigo uliosukumwa jioni kwa mfanyakazi.

Si kila kitu kinafaa kwa kioo cha simu. Tabora ni njia panda ya reli ya kati, ambapo njia ya Mwanza huachana na ya Kigoma, na hakuna atakayekubali behewa liunganishwe na kijana aliyeona kazi hiyo kwenye video tu. Kanuni na ishara anaweza kuzisoma kwenye simu. Kuunganisha behewa anajifunzia kwenye reli, pembeni ya fundi. Mchanganyiko huo ndio unaoitwa mafunzo mseto.

Linabaki suala la kupima. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kueleza ngazi nne: mfanyakazi ameyaonaje mafunzo, amejifunza nini, anatendaje kazini, na kazi yenyewe imepata matokeo gani. Mifumo ya kusimamia mafunzo hujibu kwa urahisi ngazi mbili za kwanza, kisha hutoa cheti chenye rangi nzuri. Ngazi mbili za juu zinadai kazi ya mikono: kiwandani kila ndoo ipimwe upya, na namba ilinganishwe na ile iliyoandikwa kituoni.

Kumbukumbu za majibu ni taarifa za mtu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo mfanyakazi aelezwe mapema zinakusanywa kwa nini na nani ataziona. Zikianza kutumika kukata marupurupu, simu itakabidhiwa jioni kwa mtoto wa darasa la saba aliye mwepesi wa maswali, kituo kitapata alama 100, na pipa lake litaendelea kutoa povu ghalani.