Dawa Imemezwa, Chakula Kiko Wapi? Maswali ya Anayemuuguza Mgonjwa wa Kisukari

Siku ya kliniki ya sukari hapa Kisumu, maswali mazito hayaulizwi chumbani kwa daktari. Huulizwa kwenye benchi, wakati napima presha na kutoboa vidole, na mara nyingi anayeuliza si mgonjwa bali aliyemleta: binti, mke, mjukuu. Huyo ndiye muuguzi hasa. Mimi humwona mgonjwa mara moja kwa mwezi, yeye analala naye nyumba moja. Ninajibu hapa yale yanayorudi kila kliniki.

Sista, mama yangu hutetemeka na kulowa jasho kila ikikaribia saa tano asubuhi. Tumemtibu malaria mara tatu. Mbona haiishi?

Kabla ya malaria, niambie kwanza: asubuhi anameza dawa saa ngapi, na anakula saa ngapi? Jibu ninalopata karibu kila mara ni lile lile. Dawa imemezwa saa kumi na mbili kwa chai ya rangi, kisha mama amekwenda shambani au sokoni Kibuye, na chakula chenyewe ni cha saa saba. Ikiwa dawa hiyo ni glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, au ikiwa ni sindano ya insulini ya asubuhi, imeshaanza kazi bila kungoja sahani. Inashusha sukari iliyomo kwenye damu na hakuna nyingine inayoingia. Ndipo jasho baridi linamtoka, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa inambana ghafla, anakasirika bila sababu, macho yanaona ukungu. Hapa kwetu kando ya ziwa kila mtetemeko ni malaria, na wengi wanaletwa hospitali sukari ikiwa imeshashuka mno.

Mpime sukari saa ile ile anapotetemeka. Mashine ikisoma chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), imeshuka. Kama huna mashine, usingoje. Chukulia kuwa imeshuka na umpe kitu kitamu. Sukari ikipanda kwa muda mfupi haitamuumiza, lakini ikizidi kushuka yaweza kumtia degedege na hata kuharibu ubongo. Koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe. Nusu glasi ya soda ya kawaida pia yafaa. Chai ya maziwa isiwe ya kwanza, kwa sababu mafuta ya maziwa huchelewesha sukari kufika kwenye damu. Subiri dakika 15, upime tena. Kama bado iko chini ya 4, rudia. Akishatulia ale chakula cha kushiba: kiazi kitamu, ugali, ndizi za kuchemsha.

Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, umkimbize hospitali akatiwe glukosi kwenye mshipa. Na ikiwa ni glibenklamaidi iliyomwangusha, msikubali kurudi nyumbani mara tu anapofumbua macho. Dawa hiyo huweza kufanya kazi mwilini kwa siku nzima, na sukari inaweza kushuka tena usiku mmelala. Kwa wazee na wenye figo dhaifu hatari ni kubwa zaidi, kwa hiyo mwombeni daktari aitazame upya dawa hiyo. Malaria nayo ipimwe, maana yaweza kuwepo pamoja, na malaria kali, hata kwinini yenyewe, hushusha sukari.

Basi siku ambayo hajala, aruke dawa?

Inategemea ni dawa gani, na ndiyo sababu nawataka mjue jina la kila kidonge badala ya kusema "ile nyeupe".

Glibenklamaidi huendana na chakula. Kama hakuna mlo, kidonge kisubiri mlo. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi; imezwe katikati ya chakula kwa sababu ikikuta tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuhara. Wengi huiacha wiki ya kwanza kwa ajili ya tumbo, na hilo hunisikitisha, kwani kwa wengi tumbo hutulia baada ya wiki chache wakianza na kipimo kidogo. Usimwachishe, mrudishe kliniki apunguziwe, kisha apandishwe polepole.

Insulini ni habari nyingine. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana, mwili wake hautengenezi insulini. Huyo asiache sindano hata siku moja, hata akiwa mgonjwa na hana hamu ya kula. Homa hupandisha sukari. Akikosa insulini, damu hujaa asidi: anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kina na kwa haraka, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ukiona hayo, usingoje asubuhi. Siku za ugonjwa mpime mara nyingi, mpe maji kidogo kidogo, na piga simu kliniki mwelekezwe ni yuniti (vipimo vya insulini) ngapi. Anayemeza metformini naye akitapika au kuhara sana, aisimamishe hadi aonwe, kwa sababu figo zinakuwa zimekaukiwa.

Na pombe, hasa chang'aa kwenye tumbo tupu: hushusha sukari usiku kucha, na asubuhi watu hudhani amelewa tu.

Hatuna friji. Insulini itakaa wapi kwenye joto hili?

Chupa ambayo haijafunguliwa mahali pake ni kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Isikae karibu na barafu, maana ikiganda hata mara moja imeharibika, itupe. Kama jirani au kituo cha afya wana friji, wakuwekee akiba, nawe uchukue moja ya kutumia. Ile uliyofungua yaweza kukaa nje ya friji wiki nne mahali pa baridi. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa.

Mahali pa baridi si juu ya kabati chini ya mabati. Tumia mtungi wa udongo, dapi ambalo nyanya zetu walilipoza maji nalo. Chukua mtungi mkubwa, weka mdogo ndani yake, jaza mchanga katikati na uuloweshe asubuhi na jioni. Insulini itie ndani ya kopo lenye kifuniko ili isilowe, uiweke kwenye mtungi mdogo, ufunike kwa kitambaa chenye maji, na uweke vyote kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto.

Wako wanaodhani hii ni tiba ya maskini. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza insulini katika joto kama la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kwa wiki nne insulini ilibaki na nguvu zake. Kama mgonjwa wa Dagahaley aliweza, Nyalenda na Ahero tunaweza. Lakini ukiona insulini ya maji maangavu imekuwa na ukungu, au ile yenye rangi ya maziwa ina mabonge yasiyochanganyika, usiitumie.

Nadunga vipi bila kukosea?

Nawa mikono. Insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, iviringishe kati ya viganja taratibu mara kama 20, usiitikise. Insulini nyingi za chupa hapa kwetu zina yuniti 100 kwa kila mililita, kwa hiyo vuta kwa sirinji ya insulini ya yuniti 100, yenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Usikopeshwe sirinji ya kawaida. Mililita moja ndani yake ni yuniti 100, na dozi hiyo inaweza kuua.

Dunga tumboni, vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni, au pajani upande wa nje. Hesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa. Kesho sogea. Wengi wana mahali pamoja pasipouma na hapo ndipo wanapodunga kila siku, hadi ngozi inafanya uvimbe laini kama mpira. Hapaumi, ni kweli, lakini insulini haitoki hapo sawasawa, na mtu anaongezewa dozi bure. Mimi hupapasa tumbo la kila mgonjwa kabla sijakubali kwamba dozi haitoshi.

Insulini ya mchanganyiko ya kawaida hudungwa nusu saa kabla ya kula. Kwa hiyo chakula kiwe jikoni tayari ndipo uchukue chupa. Sindano zilizotumika zitie kwenye mtungi mgumu wa plastiki, kisha uurudishe kituo cha afya.

Jirani yetu aliwekwa kwa sindano na hakumaliza mwaka. Si insulini iliyomuua?

Pole kwa jirani. Mara nyingi mtu hufika kwenye sindano akiwa amechelewa, figo na moyo vimeshaumia, halafu sindano inabeba lawama. Sisi wahudumu tuna kosa hapa. Tumewatishia watu miaka mingi, "usipofuata masharti utadungwa," kama vile insulini ni kiboko. Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa anakufa kwa kisukari. Akadungwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Kabla ya hapo watoto kama yeye hawakuwa na tumaini.

Ugali wa wimbi unaruhusiwa kiasi gani?

Wimbi na mtama ni bora kuliko unga mweupe, lakini ni ugali bado, na mlima wa ugali wa wimbi utapandisha sukari. Kipande cha ukubwa wa ngumi ya mgonjwa, nusu ya sahani iwe mboga, kisha omena au samaki. Asipikiwe chungu chake peke yake; chakula hiki kinafaa nyumba nzima.

Stripi ni ghali. Nipime lini?

Anayedungwa insulini anahitaji kupima mara nyingi kuliko anayemeza metformini pekee. Lakini kama una stripi, yaani vipande vya kupimia vya mashine, tatu tu kwa wiki, usizitumie zote asubuhi. Pima siku moja kabla ya kifungua kinywa, siku nyingine kabla ya chakula cha jioni, ya tatu baada ya muda wa saa mbili tangu kula. Kwa wengi tunalenga 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula. Kwa mzee dhaifu daktari atalegeza. Andika namba, saa, na alichokula. Ficha stripi moja ya siku atakayotetemeka.

Mguu wake hauumi, una kidonda kidogo tu. Tungoje?

Msingoje. Kutouma ndiko kunakonitia hofu. Sukari imeua mishipa ya fahamu, na mguu hauwezi tena kusema. Nimempokea baba aliyetembea siku nzima na msumari ndani ya kiatu. Kidonda chochote kije kituoni leo, kabla hakijanuka.

Kila jioni chukua taa, mketishe, tazama nyayo na katikati ya vidole. Osha kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako mwenyewe, ukaushe vizuri katikati ya vidole. Asiote miguu kwenye jiko. Funza asichokolewe kwa pini nyumbani. Na asubuhi, kabla hajavaa viatu, vigeuze uvipige chini, kisha utie mkono wako ndani mpaka kwenye ncha.