Moshi hauzuii sakitu, ni joto linasaidia

Huku Molo na Kuresoi, Kenya, usiku ukiwa na nyota nyingi na hakuna upepo, mwenye miplamu au matufaha yaliyotoa maua anajua asubuhi nyasi zinaweza kuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda kuwa barafu, basi anakusanya majani mabichi, wengine hata tairi kuukuu, anachoma ati moshi ufunike shamba kama blanketi. Hii imani ni ya zamani na haiko huku tu, lakini jamani moshi haufanyi hiyo kazi.

Iko hivi, usiku ardhi inapoteza joto kuelekea angani, na chembe za moshi ni ndogo mno kulizuia. Mawingu yanaweza, matone yake ni makubwa zaidi. Tena moshi ukikaa mpaka asubuhi unachelewesha jua kupasha shamba. Na tairi ni sumu kwa watoto na majirani, hiyo tafadhali achaneni nayo kabisa.

Kinachosaidia ni joto la moto wenyewe. Ndio maana Ufaransa, Aprili 2021, wakulima waliwasha mishumaa mingi katikati ya mizabibu. Mioto midogo mingi ya kuni kavu inashinda mmoja mkubwa, kwa sababu ule mkubwa hewa yake inapaa moja kwa moja na kuvuta baridi ya pembeni. Ua la tufaha likishafunguka linaanza kuharibika karibu nyuzi -2, kwa hivyo hata digrii moja ni kitu.

Kama huna kuni, fyeka nyasi chini ya miti na umwagilie udongo mapema, ukiwa na unyevu unashika joto la mchana vizuri na kuliachilia usiku.