Raketi ya Kwanza ya Mpira wa Vinyoya: Tazama Shingo na Nyuzi Kabla ya Jina

Karibu kila kundi jipya ninalolifundisha hapa Kampala huwa na mwanafunzi anayekuja na raketi ya bei kubwa kuliko yangu, na baada ya wiki mbili hulalamika kwamba kiwiko kinamuuma na kinyoya hakimfikii mpinzani aliyesimama nyuma ya uwanja. Kwa kuwa mimi pia ni fundi wa kufunga nyuzi, sababu huiona mara tu ninapoishika raketi hiyo: shingo, yaani kijiti kinachounganisha mpini na kichwa cha raketi, ni ngumu mno, na nyuzi zimekazwa kwa mvuto wa paundi 27 kama za mchezaji wa mashindano.

Shingo ya raketi hujipinda kidogo mkono unapovutwa, kisha hurejea kwa nguvu wakati wa kupiga. Shingo ngumu humfaa mchezaji ambaye kiganja chake kina kasi ya kuipinda. Anayeanza, ambaye bado anapiga kwa bega zima, huachiwa kazi yote aifanye kwa misuli yake. Nyuzi nazo zikilegea kiasi humsaidia kukirusha kinyoya, na hata akipiga nje kidogo ya katikati, pigo halipotei. Kwa hiyo mimi humfungia kwa paundi 18 hadi 22, na sikubali kuzidisha hata akinisihi, kwa sababu nimeona wengi wakiumia mkono bila haja.

Kuhusu uzito, raketi yenye alama ya 4U, yaani gramu 80 hadi 84, inawatosha watu wazima wengi, mradi uzito wake usielemee upande wa kichwa cha raketi. Kiunzi kiwe cha kaboni ikiwa mfuko unaruhusu. Raketi za chuma zinazouzwa mbilimbili kwenye mfuko mmoja ni za kuchezea uani, wala hazimfundishi mtu pigo sahihi.

Mpini ukiwa mwembamba unaweza kuzungushiwa utepe ukanenepa, lakini ulio mnene haupunguziki kwa urahisi, hivyo ukisita kati ya miwili, chukua mwembamba. Kwa raketi za kampuni ya Yonex, mpini wenye alama ya G5 ni mwembamba kuliko wa G4. Ushike kwa vidole vilivyolegea, kama unavyompa mtu mkono, na uukaze wakati wa kupiga tu.

Fedha itakayobaki inunulie vinyoya vya nailoni, kwa maana vile vya manyoya halisi, vyenye manyoya 16 kila kimoja, huvunjika upesi mikononi mwa mwanafunzi. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na katika hewa hii nyepesi kinyoya huenda mbali kuliko kingeenda Mombasa. Kwa hiyo chagua vinyoya vya nailoni vyenye utepe wa kijani kwenye kizibo, ambao ni wa mwendo wa polepole, uache vya utepe mwekundu.