Kuichora "Mengineyo"

Aikoni ya printa, kile kijipicha cha kubonyeza kwenye kioo cha kompyuta au simu, haisumbui: unachora printa. Kazi huanza pale mteja anapotaka uchore kitu kisicho na umbo. Juzi nilipewa "Mengineyo", kwenye programu ya simu ya kuandikia matumizi. Nauli nilichora daladala, chakula sahani ya wali, kodi mlango wenye kufuli. Mengineyo je?

Nilianza na nukta tatu, kama wengi tunavyofanya. Nikampelekea mama mmoja muuza mboga sokoni ajaribu. Akaangalia, akangoja. "Mwanangu, mbona haifunguki?" Kwake nukta tatu ni simu inayotafuta mtandao. Nikachora kopo, maana hela za vitu vidogovidogo huzitoa kwenye kopo la maziwa chini ya meza yake. Alilipenda kweli, ila akasema hiyo ni akiba. Na ni kweli, kopo ni akiba.

Hapo nikamkumbuka Susan Kare, aliyechora aikoni za Macintosh, kompyuta ya Apple ya 1984, ndani ya miraba 32 kwa 32, nukta 1,024 nyeusi au nyeupe, basi. Palipo na kitendo alitafuta chombo: kujaza rangi kwenye MacPaint, programu yake ya kuchorea, ni ndoo inayomwaga, unaelewa kabla hujaambiwa. Lakini kitufe cha amri (Command) kwenye kibodi hakina chombo. Amri ipi? Mwanzoni kilitumia nembo ya Apple, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, akaona nembo imezagaa mno kwenye menyu. Kare akapekua kamusi ya alama, akakuta ⌘, ambayo Sweden huonyesha mahali penye kivutio. Na amri haihusiani hata kidogo! Ila ilishika, na naamini sababu ni mbili: haifanani na kitu kingine kinachoweza kumpoteza mtu, na kila ukifungua menyu inakaa ubavuni mwa jina la kazi yenyewe, mpaka jicho linazoea.

Basi kopo nikaliacha. Nikachora duara la mistari iliyokatikakatika, tupu ndani, na chini yake neno Mengineyo kwa herufi kubwa sawa na za Nauli. Niliporudi sokoni, yule mama aliingiza kiberiti, kisha rambirambi 2,000, bila kuniuliza.

Mteja sasa anataka neno liondolewe, kioo kipendeze. Nimemwambia bado mapema.